Tulivyokamatwa Ipogolo na Bango Letu

Tangu turudi, siwezi kununua hata fungu la mchicha pale sokoni Iringa bila mtu kuniegemea sikioni na kuniuliza kama ni kweli. Ni kweli. Tulikamatwa, tena mchana kweupe, tukiwa na sare. Lakini kila mtu anasimulia anavyotaka, na wapo wanaosema tulikutwa na dhahabu. Nimeona niandike mwenyewe, niwape marafiki wanaouliza, ili nirudi kununua mchicha kwa amani.

Maandalizi nayaruka. Vikao vilikuwa vingi, chai ilikuwa nyingi zaidi, na jambo lililotuchukua muda kuliko yote lilikuwa rangi ya kitenge cha sare. Tulikubaliana zambarau.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Usangu na Makongolosi kufundisha makanisa namna ya kuwalinda mabinti. Mnajua habari hizo. Anakuja mtu na maneno matamu, anamchukua mtoto kwa wazazi wake kwamba kuna kazi nzuri mjini, na mtoto anaishia baa, au kwenye machimbo, au jikoni kwa watu asikolipwa wala kuruhusiwa kutoka. Tulikuwa wanne. Mkuu wa msafara alikuwa Mama Mwenyekiti, maana ndiye mwenyekiti wa akina mama wa usharika wetu. Wa pili ni Mwinjilisti Obadia, ambaye hajawahi kupewa kipaza sauti akakirudisha kwa hiari yake. Wa tatu ni Chesco, Mkatoliki tuliyemwazima pamoja na gari lake aina ya Noah. Wa nne mimi, mwalimu mstaafu, mwenye somo lenyewe, na kwa hiyo niliyekaa kiti cha nyuma kabisa pamoja na masufuria.

Iringa hadi Igawa

Tulipanga kuondoka alfajiri. Alfajiri ilipita tukiwa bado tunaombea gari. Mwinjilisti aliombea injini, akaombea magurudumu, akamwombea Chesco ajaliwe kuona njia ya kweli, na Chesco akasema "Amina" kwa adabu huku ameshika ufunguo. Halafu bango. Lilikuwa bango kubwa la plastiki lenye maandishi mekundu, TUWALINDE BINTI ZETU, na picha ya Mama Mwenyekiti akitabasamu. Lilifungwa juu ya gari. Tulipofika kwenye misitu ya Mafinga upepo ukalifungua upande mmoja, likaanza kupiga kioo cha mbele, na Chesco akaendesha kipande kizima akichungulia chini ya kidevu cha Mama Mwenyekiti. Mwishowe lilikunjwa likaletwa nyuma, kwangu na masufuria.

Njiani simu ya Mama Mwenyekiti haikupumzika. Binti yake, Neema, amejifungua huko Dar es Salaam na likizo yake inakaribia kuisha. Mama Mwenyekiti huongea na simu kana kwamba anaiita kutoka ng'ambo ya mto, kwa hiyo wote tulishiriki.

"Mwanangu, nimekusikia. Hao dada wa kazi wa mjini wameharibika, anakaa wiki tu ameshajua njia. Nitakupatia wa huku huku, mtulivu. Asiyejua simu. Ngoja nimalize hii semina."

Chesco aliniangalia kupitia kioo. Mimi nilimwangalia. Hatukusema kitu, maana mwenye simu ndiye alikuwa ameshika chakula, na tulikuwa hatujafika Makambako.

Makambako tulikunywa chai kwa chapati kwenye baridi ile inayopenya hadi kwenye fizi. Kisha tukateremka hadi Igawa, tukaacha lami, tukaingia bondeni kwenye joto, mpunga na ng'ombe.

Usangu

Kijiji sikitaji jina, ni watu wema na bado natamani kurudi. Wengi ni wafugaji na wakulima waliohamia kutoka kaskazini, na kanisa lao ni la bati, limejengwa kwa jasho lao wenyewe. Tulifika Jumapili ibada ikiwa imekwisha, watu wakiwa nje kwenye mnada wa sadaka, ule wa kuku na madebe ya mpunga ambao kila usharika unao.

Nilishuka nikajinyoosha mgongo. Upande mmoja wa uwanja kulikuwa na kuku waliofungwa miguu wakisubiri kunadiwa. Upande wa pili walikuwa mabinti. Wamesukwa nywele, wamepakwa mafuta hadi wanang'aa, kila mmoja ana mfuko wa salfeti miguuni pake, na nyuma ya kila mmoja amesimama mzazi.

"Bwana asifiwe," alisema Mwinjilisti, machozi yakimlengalenga. "Mwalimu, tazama mwitikio."

Mimi nilikuwa naitazama ile mifuko. Kumbe Jumapili iliyotangulia, kwenye matangazo baada ya ibada, walisomewa kwamba wageni kutoka Iringa watakuja na gari kwa ajili ya mabinti. Hawakuambiwa zaidi. Na katika bonde lile, gari linalotoka mjini kwa ajili ya mabinti lina kazi moja tu, kuchukua wasichana wa kazi, tena wanalijua miaka yote. Watu walikuwa wamejiandaa kama tulivyowaagiza.

Baba mmoja mrefu, amejifunga shuka begani, alitangulia wengine, akanisalimia Kisukuma. "Mwadila, mama. Wangu ni huyu, anaitwa Kabula. Kamaliza darasa la saba. Kupika anajua, ng'ombe anakamua, na hana maneno mengi."

Nikamweleza polepole kwamba hatukuja kuchukua mtoto yeyote. Tumekuja kuwafundisha watu wasiwatoe watoto wao kwa wageni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitazama Noah, akanitazama mimi.

"Sasa kama hamchukui, mmefuata nini?"

Ilichukua muda kuwaeleza wote. Wengine walikasirika waziwazi. Mafuta ya nywele yalikuwa yamenunuliwa. Lakini wali na nyama vilikuwa tayari, na watu wa kule hawamfukuzi mgeni mbele ya chakula, basi tulikula, wakatulia, nikapewa nafasi nifundishe.

Somo langu ni fupi kwa sababu watoto wamechoka kuhutubiwa. Niliwaambia mtu wa kuogopwa anafananaje: anakuja kwa upole, anasema atakulea kama mtoto wake, anataka muondoke haraka, na njiani anakukabidhi kwa mtu usiyemjua. Halafu nikawafundisha wimbo niliotunga mwenyewe, wa kuimba kwa sauti kubwa mahali penye watu wengi ukiona hali si nzuri. Unataja jina lako, jina la baba yako na kijiji chako, kisha unamalizia: *Huyu anayenipeleka si mama yangu, kwetu ni mbali, niulizeni.* Watoto waliupenda. Kabula, yule asiye na maneno mengi, aliushika kabla ya wenzake, na nilipokosea ubeti mmoja alinirekebisha bila kunionea aibu.

Mama Mwenyekiti alikaa mbele akipiga makofi. Lakini jicho lake halikuwa kwenye wimbo. Alikuwa anamwangalia Kabula kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayebonyeza parachichi sokoni.

Mbeya hadi Makongolosi

Mbeya tulilala, tukala ndizi na maharage, tukapoteza nusu siku tukimsubiri mwenyeji aliyekuwa anatusubiri sisi kwenye kanisa lingine. Kisha tukapanda mlima kuelekea Chunya, baridi na ukungu, na upande wa pili tukashukia jua la Makongolosi, mji wa machimbo ya dhahabu, ambako vumbi linaingia hadi kwenye uji.

Pale walitupokea kwa heshima zote, na hizo heshima ndizo zilizotumaliza. Mgeni rasmi alichelewa. Alipofika ikaanza itifaki. Aliyemkaribisha mgeni rasmi alikaribishwa na mwingine, aliyekuwa amekaribishwa na wa kwanza kabisa. Kila kwaya ilitambulishwa, ikaimba kujitambulisha, ikashukuru kwa kutambulishwa. Mama Mwenyekiti alihutubia kwa nusu saa juu ya unyama wa watu wanaowahamisha watoto wa wenzao kama mizigo, na niwe mkweli, alihutubia vizuri sana. Hata mimi nilifuta machozi. Mwinjilisti akachukua kipaza sauti kwa neno moja tu, na hilo neno moja likatufikisha kwenye chakula. Mimi mwenye somo niliambiwa nifupishe kwa sababu wali unapoa.

Nikaenda kukaa na wapishi. Kulikuwa na dada mmoja wa makamo ya mwanangu wa mwisho, anagawa nyama. Nilimsalimia Kihehe, "kamwene", kwa kubahatisha, akaitikia na uso ukamfunguka. Ni wa kwetu, wa vijiji vya huko nyuma ya Ifunda. Nikamuuliza alifikaje Makongolosi.

"Nililetwa nikiwa mdogo, mwalimu. Niliambiwa naenda kusomeshwa ufundi. Nikaja kuosha vyombo kwenye baa."

"Nani alikuleta?"

Alichota mchuzi, akafikiri kidogo. "Mama mmoja wa kanisani. Mwenye sare kama hiyo yenu, ila ya kijani. Alisema mimi ni kama mtoto wake."

Hakuyasema kwa chuki. Aliniongezea nyama. Nilirudi mezani, sahani yangu nikamsogezea Chesco.

Kurudi: Igawa tena

Tulipofika Igawa, Mama Mwenyekiti akamwambia Chesco aingie bondeni. "Tuchukue mchele. Huwezi kupita Usangu mikono mitupu."

Mchele tulichukua kweli. Lilipandishwa gunia, na nyuma ya gunia akapanda Kabula na mfuko wake wa salfeti. Baba yake alisimama mlangoni mwa gari akitushukuru. Mama yake alibaki mbali, kwenye boma la ng'ombe, hakusogea wala hakupunga mkono.

Niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua. "Mama Mwenyekiti, huyu anakwenda wapi?"

"Kwa Neema. Nimeongea na mzee wake kwa simu, tumeelewana."

"Lakini juzi tumefundisha..."

"Mwalimu, usichanganye mambo." Hata hakugeuka. "Kule tulikuwa tunaongelea watu wabaya. Huyu atakaa kwa Mkristo. Nitamlea kama mtoto wangu."

Chesco alikohoa. Nikamgeukia Mwinjilisti anisaidie, mtu ambaye kwa siku kadhaa hakuwa amekosa la kusema. Aligundua ghafla kwamba kuna mlima dirishani. Nikasema tena, safari hii kwa sauti, kwamba huyu mtoto angepata nafasi shule ya ufundi pale Rujewa kama tungemsemea, na kwamba hatumpeleki popote. Mama Mwenyekiti alijibu kwamba mimi sina hata dada wa kazi nyumbani kwangu kwa hiyo siwezi kuelewa, na kwamba mkuu wa msafara ni yeye. Kabula alikaa kati yangu na lile bango lililokunjwa, akitazama mbele.

Mafinga

Tulisimama kula mahindi ya kuchoma. Mama Mwenyekiti alienda pembeni kupiga simu, na kutoka kule tukasikia kila kitu: basi la Dar litapita Ipogolo mchana huu, kondakta ni kijana wa rafiki yake, atamkabidhi huyo mtoto, Neema ampokee stendi ya Mbezi. Mwenyewe hatasafiri naye kwa sababu goti linamuuma.

Kabula alikuwa anakula taratibu, punje moja moja. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa lafudhi yake ya Kisukuma:

"Mwalimu, ule wimbo. Unaimbwa hata kama ni mtu wa kanisa?"

Hapo ndipo wengi mnaponiuliza kama nilimchochea. Sikumchochea. Mtoto aliuliza swali la darasani, na mwalimu aliyemfundisha alikuwa amekaa mbele yake.

"Unaimbwa hata kama ni askofu," nilimwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akamalizia hindi lake.

Ipogolo

Mnaijua Ipogolo mchana, pale chini ya mji wetu barabara ya Dar inapopita. Malori, mabasi, bodaboda, akina mama wa nyanya na vitunguu wakikimbilia madirisha. Basi lilikuwa limeshafika. Kondakta aliuchukua mfuko wa Kabula kabla hajaushika mwenyewe, akautupia kwenye buti, akasema, "Twende, dada, twende, tumechelewa." Mama Mwenyekiti alimshika mtoto mkono kumpandisha.

Kabula akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, akageukia watu, akaanza kuimba.

Jamani, hakulia wala hakukurupuka. Aliimba kama nilivyowafundisha, amenyoosha shingo, kila neno mahali pake. Jina lake. Jina la baba yake. Kijiji chake. *Huyu anayenipeleka si mama yangu, kwetu ni mbali, niulizeni.* Alipomaliza akarudia tangu mwanzo, kwa sababu nilisema semina nzima kwamba mara moja haitoshi.

Mama mmoja wa nyanya aliweka beseni lake chini. "We mama, huyu mtoto ni wa nani?"

"Ni wangu," alisema Mama Mwenyekiti. "Ni kama mtoto wangu."

"Ni wako au ni kama wako?"

Bodaboda wakazima pikipiki. Kondakta akautoa mfuko kwenye buti haraka kuliko alivyouingiza, akasema yeye hamjui huyu mama, na basi likaondoka. Watu wakatuzunguka. Mtu akaita askari wa barabarani, askari akaita wenzake. Na hapo ndipo Mwinjilisti Obadia, aliyekuwa kimya tangu Igawa, alipoamua kutuokoa. Alikimbilia kwenye Noah akaleta bango, akalikunjua mbele ya umati ili watu waone sisi ni akina nani.

Walisoma. TUWALINDE BINTI ZETU. Wakaiangalia ile picha inayotabasamu, wakamwangalia mwenye picha, ameshika mkono wa binti asiye wake.

"Afande, hawa ni mtandao," kijana mmoja alisema. "Wana mpaka sare."

Tulipelekwa kituoni wote wanne, Chesco akiendesha na askari akiwa mbele. Njia nzima Chesco alisali rozari kwa sauti, na safari hii Mwinjilisti ndiye aliyeitikia. Tuliulizwa, tukajibu, tukaulizwa tena. Mama Mwenyekiti alitaja viongozi wote wa dini anaowafahamu. Askari wa kike aliyekuwa zamu alimwuliza swali moja tu: kama ni kazi ya halali na mtoto ni kama wako, mbona umemkabidhi kwa kondakta? Alikunja kitenge magotini, akakikunjua, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba anaogopa. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Waliita afisa ustawi wa jamii, akaongea na Kabula peke yake. Jioni sisi tuliachiwa kwa onyo, na Mama Mwenyekiti akatakiwa kurudi kuandika maelezo.

Usangu, mara ya tatu

Siku iliyofuata nilirudi na Kabula, pamoja na yule askari wa kike na afisa ustawi. Chesco alijitolea Noah bila kuombwa.

Baba yake alitoka akatuona, akasimama. "Mmemrudisha? Kakosa nini?"

Afisa ustawi alimkalisha, wakaongea muda mrefu, na sidhani kama yalimwingia yote, maana macho yake hayakuacha kuutazama ule mfuko. Mwishowe alikubali mtoto aombewe nafasi Rujewa. Mama yake yeye hakungoja maongezi. Aliuchukua mfuko mkononi mwa bintiye, akaingia nao ndani, na tukiwa pale nje tulimwona akitoa nguo moja baada ya nyingine na kuzitundika kwenye kamba, ingawa zilikuwa safi. Kabula akaenda kumsaidia. Mimi nilienda kusimama nyuma ya gari nikalia hadi nikatosheka.

Nyumbani

Jumapili, kwenye matangazo, Mwinjilisti alitoa taarifa ya safari. Alisema huduma imefanyika kwa mafanikio na kwamba binti mmoja ameokolewa asisafirishwe, katika eneo la Ipogolo. Ni kweli tupu, hakuna neno la kubadilisha. Usharika ulipiga makofi. Mama Mwenyekiti naye alipiga.

Baada ya ibada alinivuta pembeni. "Mwalimu, ule wimbo ni mzuri. Ila kile kipande cha mwisho, cha si mama yangu, hakiwezi kupunguzwa?"

Nilimwambia nimeshauongezea ubeti, wa watu wa kanisani, na maneno amenipa Kabula.

Neema bado hajapata dada wa kazi. Kwa hiyo juzi Mama Mwenyekiti, na goti lake, amesafiri mwenyewe kwenda kumwogesha mjukuu. Nilimsindikiza Ipogolo, kwa sababu ni rafiki yangu wa miaka mingi na hilo halijabadilika. Alikuwa amevaa nguo ya kawaida. Yule mama wa nyanya alikuwa palepale na beseni lake. Alimtazama Mama Mwenyekiti, akachungulia nyuma yake, akachungulia na nyuma yangu.

"Leo unasafiri na nani?"

"Peke yangu," alijibu Mama Mwenyekiti, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo. Kisha, bila kuulizwa zaidi, akataja jina lake na anakotoka, akapanda basi.